Kuishi Kando ya Ziwa Lenye Mamba na Viboko: Mwongozo kwa Kaya za Mialoni Uganda

Mwezi wa Desemba 2022, katika mji mdogo wa Katwe Kabatoro, wilaya ya Kasese, kiboko alimdaka mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akicheza nyumbani kwao, akamtia nusu mdomoni, kisha akamtema baada ya mtu mmoja aliyekuwa karibu kumrushia mawe. Mtoto alipona. Katika taarifa ya polisi kulikuwa na jambo moja ambalo wengi walilipita haraka walipokuwa wakisimuliana mkasa huo, nalo ni kwamba nyumba ile ilikuwa umbali wa takriban mita 800 kutoka Ziwa Edward. Mtu akijenga umbali wa mita 800 kutoka majini hudhani kwamba ameshahama ziwani, lakini kwa kiboko huo ni mwendo mfupi wa kwenda malishoni.

Mamba na kiboko huishi katika maji yaleyale, lakini hatari zao hazifanani. Mamba hungoja umfuate alipo, ilhali kiboko hukufuata ulipo, na mara nyingi bila nia ya kukutafuta. Wanachofanana ni kwamba wote wawili wana njia zao na saa zao, kama wewe ulivyo na njia yako ya kuteka maji na saa yako ya kurudi kutoka sokoni. Maafa mengi hutokea pale njia hizo zinapokatana, hivyo hatua zinazofuata zina kazi moja, ambayo ni kuzitenganisha njia na saa za watu na zile za wanyama.

Hatua ya kwanza: Wajue majirani zako wa majini

Kabla ya kubadilisha lolote, tenga siku mbili au tatu, utembee ufukwe wa kijiji chako jua likiwa juu, ukiandamana na mvuvi anayeufahamu vizuri, nanyi mkae mbali na ukingo wa maji. Njia ya kiboko hutambulika kwa mifereji miwili iliyo sambamba na tuta dogo la nyasi katikati, kwa kuwa miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana sana na mwili wake ni mzito, akiweza kupita kilo 1,500. Unyayo wake una vidole vinne, na kando ya njia utaona mavi aliyoyatapanya vichakani kwa mkia. Mamba huacha alama ya tumbo lililoburutwa kwenye tope au mchanga, na mara nyingine mstari wa mkia katikati ya nyayo. Usiku, ukiwa umesimama mahali pa juu na mbali na maji, mulika tochi yenye nguvu juu ya uso wa ziwa, nawe utaona macho ya mamba yakiwaka mekundu kama makaa. Ukihesabu jozi tatu usidhani kwamba mamba ni watatu, kwa sababu waliozama hawahesabiki, na mamba mkubwa akitulia anaweza kukaa chini ya maji hata zaidi ya saa moja.

Usitegemee sifa ya zamani ya ziwa lako. Ziwa Edward na Ziwa George yalikaa zama nyingi bila mamba, na bado kuna wazee wanaozungumza kana kwamba hali ni ileile, lakini leo mamba wanaonekana wakiota jua kwenye kingo za Mfereji wa Kazinga unaoyaunganisha maziwa hayo mawili. Kiboko dume kijana akifukuzwa na dume mkubwa huhama na kuweza kuhamia hata kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe ambalo halijawahi kuwa na kiboko. Maji nayo hubadilisha mambo. Mwaka 2020, Ziwa Viktoria lilipofurika na kuingia katika mialo (bandari ndogo za wavuvi) na nyumba nyingi, ukingo wa ziwa ulisogea hadi milangoni mwa watu, na wanyama wakasogea pamoja nao. Kwa hiyo ukaguzi huu urudiwe kila msimu wa mvua unapoanza, na kila baada ya gugumaji kusukumwa na upepo na kuziba mwalo, maana chini ya zulia lile la kijani mamba hujificha vizuri kuliko mahali pengine popote.

Mkimaliza, chora ramani kwenye kipande cha ubao au boksi, uoneshe njia za viboko, mahali mamba wanapootea jua, mahali pa kutekea maji na njia ya watoto kwenda shule. Isimike mwaloni, mahali ambapo kila mtu hupita.

Hatua ya pili: Badilisha namna ya kuteka maji

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu, kwa sababu anayekwenda majini kila siku, mara mbili au tatu kwa siku, ni mwanamke au mtoto mwenye jerikeni, na mamba hujifunza. Mamba hana haraka, kwani damu yake haina joto la kudumu kama yetu na anaweza kukaa majuma bila kula, kwa hiyo hapotezi chochote akikaa siku kumi akitazama mahali watu wanapoinama. Siku ya kumi na moja husogea chini ya maji bila kutikisa hata unyasi, akatoka kwa ghafla kiasi kwamba mtu hana muda wa kugeuka. Hakuna macho makali yatakayokuokoa na hilo. Kinachosaidia ni kutokuwepo pale anapokutarajia.

Njia bora ni kupunguza safari za ziwani. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 30, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 300 za maji, na hata theluthi yake ikipotea kwa kumwagika utabaki na lita 200, ambazo ni jerikeni kumi za lita 20. Mfereji wa bati uliokunjwa na fundi wa kijijini na pipa safi lenye mfuniko ni gharama ndogo ukilinganisha na hatari ya safari hizo zote. Kama kijiji kina kisima cha bomba kilicho mbali zaidi kuliko ziwa, watoto wateke maji ya huko hata kama ni mwendo mrefu, na ziwa liachwe kwa watu wazima.

Kwa safari zisizoepukika, fanya hivi. Nenda jua likiwa limepanda, kamwe usiende alfajiri wala magharibi. Nendeni wawili au zaidi, na mmoja wenu asiteke wala asifue, bali asimame wima akitazama maji tu. Chagueni mahali palipo wazi, pasipo matete, gugumaji wala tope zito, na mtazame uso wa maji kwa dakika kadhaa kabla ya kusogea. Msiingie majini. Chukueni kopo kubwa au ndoo ndogo iliyofungwa kwenye mti wa mita mbili au tatu, mchote mkiwa mmesimama nyuma ya ukingo na kujaza jerikeni iliyowekwa nyuma zaidi. Wengi hulicheka jambo hili mwanzoni kwa sababu linachelewesha, na kweli linachelewesha, lakini mkono ulio mita tatu kutoka majini haudakwi kwa urahisi. Msigeuzie maji mgongo wakati wa kujitwisha. Nguo na vyombo vioshwe nyumbani au kwenye beseni lililowekwa mbali na ukingo, na kuoga ziwani kusimamishwe kabisa katika mwalo ambao mamba ameonekana mwaka huo. Kisha, baada ya siku chache, hamisheni mahali pa kutekea, na saa pia. Hii ndiyo hatua inayosahaulika upesi, kwa kuwa miguu ya mtu hupenda njia iliyokwisha kulainika.

Kijiji kinachoweza kuchanga fedha kijenge uzio wa kutekea maji. Miti migumu ichomekwe chini ya maji kwa nusu duara, ikiachana kwa nafasi ndogo isiyopitisha kichwa cha mamba, iungwe kwa mbao za kukingama, na iinuke juu ya kiwango cha maji ya mafuriko, siyo cha maji ya leo. Mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kuukagua kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kuingia. Uzio wenye mti mmoja uliooza ni mbaya kuliko kutokuwa na uzio, kwa sababu watu huingia ndani yake wakiwa wameondoa hofu, wakati mamba naye ameshaingia.

Suala la utumbo wa samaki linahusika hapahapa. Mialo mingi huparulia sangara na ngege ukingoni na kutupa matumbo majini. Harufu hiyo huita kenge, huita kaloli (korongo mla mizoga), na humwita mamba pia, ambaye baada ya muda huhusisha sauti za watu na chakula. Meza ya kuparulia iwe nchi kavu, mbali na mahali pa kutekea maji, na mabaki yafukiwe. Mbwa nao wasifuatane na watekaji, kwa maana mamba humpenda mbwa anayekunywa maji ukingoni, na atakayerudi kumtafuta mbwa anaweza kukuta mtoto.

Hatua ya tatu: Mwachie kiboko usiku wake

Kiboko hushinda majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, naye hutoka jua linapozama ili kula majani, apate hata kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha hurudi kabla ya kupambazuka. Hali nyama kwa kawaida, na hatoki kwa ajili yako. Humshambulia mtu kwa sababu kuu mbili: amemkuta mtu huyo kati yake na maji, au ana mtoto. Kanuni ya kwanza, basi, ni kutosimama kamwe kati ya kiboko na ziwa, na kwa kuwa gizani huwezi kujua yuko upande gani, kanuni ya pili ni kutopita katika njia zake tangu jua linapozama hadi linapochomoza.

Kwa vijiji vya wavuvi vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kama Hamukungu, Kahendero, Katunguru na Rwenshama, kanuni hiyo ni ngumu, kwa sababu viboko hulisha katikati ya nyumba. Huko kila nyumba iwe na tochi iliyo tayari kando ya mlango. Kabla ya kufungua mlango usiku, sikiliza kwanza, kwani kiboko akila nyasi husikika akizing'oa, halafu mulika kushoto, kulia na pembeni mwa nyumba kabla ya kutoa mguu. Watoto wasitoke kwenda chooni usiku; wawekewe ndoo yenye mfuniko ndani. Nyasi zilizo kati ya nyumba na choo zifyekwe ziwe fupi sana, kwa kuwa nyasi laini zinazochipua baada ya mvua karibu na nyumba ni karamu uliyomwandalia mwenyewe.

Wengine wanaokumbwa na hatari hii ni waendesha boda boda wanaokata njia kando ya ziwa usiku, na wanaume wanaotoka kilabuni wakiwa wamechelewa. Kwa hao wa pili sina la kuongeza isipokuwa kwamba kiboko hakimbii mlevi, na kwamba ni afadhali kulala kwa rafiki kuliko kutafuta njia ya mkato.

Ukikutana naye ana kwa ana, usikimbie papo hapo kama bado hajakushambulia. Simama, usimmulike machoni mfululizo, rudi nyuma polepole ukielekea upande usio wa ziwa, ukimwachia njia ya kurudi majini. Akipanua kinywa kama anayepiga miayo, huo si usingizi, ni onyo. Akianza kukujia, kumbuka kwamba anaweza kufikia mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na watu wengi hawawezi kumshinda kwenye uwanja wazi. Jitie nyuma ya kichuguu kikubwa, mti mnene au ukuta, au panda juu ya mti ikiwa upo karibu. Mawe ya yule jamaa wa Katwe yalimwokoa mtoto aliyekuwa tayari kinywani, na alifanya vema. Lakini kumrushia mawe kiboko aliyetulia, kama vijana wanavyofanya mchana kwa mchezo, ni kumfundisha kwamba mtu ni adui.

Kuhusu shamba, mahindi na viazi vitamu vilivyopandwa ukingoni mwa ziwa vitaliwa. Handaki lenye kingo zilizosimama wima, au ukuta wa mawe, humzuia kiboko kwa sababu miguu yake mifupi haimwezeshi kupanda juu. Usilinde shamba ukiwa umelala katika kibanda cha nyasi kilichojengwa juu ya njia yake.

Hatua ya nne: Majini, ndani ya mtumbwi

Methali husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na wavuvi wetu huishi kwa kugaagaa huko. Sheria ya uvuvi katika Ziwa Viktoria inataka mashua isiyopungua futi 28, na ingawa sheria hiyo imeleta manung'uniko mengi kwa wenye mitumbwi midogo, kwa upande wa wanyama ina faida moja iliyo wazi, kwamba chombo kidogo kinachobaki karibu na matete ndicho kinachopinduliwa na kiboko kwa urahisi, na ndicho kinachoingia katika maji ya mamba.

Unapokaribia kundi la viboko, gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mara kwa mara ili wajue unakuja, kwani kiboko anaweza kukaa chini ya maji kwa takriban dakika tano, na anayeibukia chini ya chombo chako ameshtuka kama wewe. Waachie upande wa maji mengi, ambako hukimbilia wakiogopa, nawe usiwazibe njia kati ya nchi kavu na kina. Usitumbukize mikono wala miguu majini, usivute nyavu ukiwa umesimama majini hadi kiunoni, na vaa jaketi la kuokolea ulifunge, usilikalie. Chombo kikipinduliwa na kiboko, jitenge nacho mapema na uelekee ufukwe ulio karibu zaidi, kwa kuwa mara nyingi hasira yake hukishukia chombo chenyewe.

Mzigo wa gugumaji ulionasa kwenye nyavu ugeuzwe kwa kasia kwanza, kwa sababu huweza kuwa na nyoka.

Hatua ya tano: Mtu akishambuliwa

Aliyedakwa na mamba akiwa karibu na nchi kavu apambane, tena mara moja, kabla hajavutwa kwenye kina na kuzungushwa. Macho na pua ndizo sehemu zake nyepesi. Mkono ukiwa umeingia ndani ya kinywa, nyuma ya ulimi kuna ngozi inayoziba koo ili maji yasiingie, na kuisukuma au kuipiga hiyo kumewahi kumfanya mamba aachie. Walio nchi kavu wasirukie majini mmoja baada ya mwingine. Wapige kelele, wanyooshe mti, kasia au kamba, na wampige mamba kichwani kwa kitu kirefu.

Akishatolewa, zuieni damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Mkiwa na maji safi na sabuni na damu imepungua, osheni jeraha kwa wingi, lakini msilishone wala kulipaka dawa za majani, mafuta au majivu. Meno ya mamba na ya kiboko huingiza vijidudu ndani sana, na jeraha linaloonekana dogo juu linaweza kuoza chini kwa siku mbili. Kwa hiyo, hospitali ni siku ileile, hata mtu akisema anajisikia vizuri. Ulizeni kuhusu kinga ya pepopunda, dawa za kuua vijidudu na chanjo ya kichaa cha mbwa. Yule mtoto wa Katwe alipewa chanjo hiyo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa aliyeumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Avuliwe pete na viatu vinavyobana, kiungo kisitikisike, abebwe badala ya kutembea, na apelekwe hospitali.

Hatua ya sita: Toa taarifa, usilipize kisasi

Mamba wa Luganga, wilaya ya Mayuge, aliyepewa jina la Osama na ambaye wakazi walisema alikuwa amekula makumi ya watu, alikamatwa akiwa hai mwaka 2005 na kupelekwa kwenye shamba la kufugia mamba. Kazi ile ilifanywa na watu waliojua kutega, wakishirikiana na wanakijiji waliojua mahali alipolala. Huo ndio mgawanyo sahihi wa kazi: kijiji hutoa habari, na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda hutoa watu na mitego. Kijiji kinachojaribu kumuua mamba kwa sumu au mikuki huhatarisha vijana wake na kuvunja sheria, na mahali pazuri pa kuvizia pakiachwa wazi huwa na mamba mwingine baada ya muda mfupi.

Taarifa ianzie kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ifike polisi na kwa askari wa wanyamapori walio karibu, na iandikwe siku hiyohiyo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa vifo, majeraha na uharibifu unaosababishwa na baadhi ya wanyama nje ya maeneo ya hifadhi, lakini dai lisilo na karatasi haliendi mbali. Hifadhini nakala ya taarifa ya polisi, cheti cha hospitali, picha za jeraha, za nyayo na za shamba kabla halijapaliliwa, pamoja na majina ya mashahidi wawili.

Tarehe, saa na mahali pa tukio viandikwe pia kwenye ile ramani iliyosimikwa mwaloni, na siku hiyohiyo mahali pa kutekea maji pahamishwe.